Pau Mbili na Nyota Tatu: Historia na Nembo ya Ukoo wa Washington wa Sulgrave

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya ukoo wa Washington, ukoo mdogo wa kiungwana wa Uingereza, pamoja na nembo yake ya ngao. Ukoo huu ulianza kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 12, ukapata mali kwa biashara ya sufu katika karne ya 16, ukaanguka katika karne ya 17, na tawi lake moja likahamia Virginia, ambako alizaliwa George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani. Makala yanajadili mambo matatu: kanuni zinazotawala nembo hiyo, ushahidi uliotumika kuunganisha tawi la Virginia na tawi la Sulgrave, na maana ya nembo ya kikabaila ndani ya jamhuri iliyokataa vyeo vya kuzaliwa navyo. Inahitimishwa kwamba nembo ni hati ya kihistoria inayosomwa sawasawa pale tu inaposomwa pamoja na hati nyingine, na kwamba inaficha mambo kama inavyoyaonesha.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili huiona sanaa ya nembo karibu kila siku bila kuitilia maanani. Nembo ya Taifa ya Tanzania ina ngao katikati, watu wawili wanaoishika kutoka pande zote mbili, na utepe wenye maneno "Uhuru na Umoja". Nembo ya Kenya nayo ina ngao, simba wawili na neno "Harambee". Mpangilio huu wa ngao, washikaji na kaulimbiu haukubuniwa Afrika Mashariki. Asili yake ni Ulaya ya zama za kati, ambako nembo haikuwa alama ya taifa bali ya mtu mmoja mwenye silaha na ardhi, na baada yake alama ya uzao wake.

Tafiti nyingi kuhusu nembo za Ulaya huzihusu nasaba kubwa za wafalme. Koo ndogo husahaulika, ilhali ndizo zilizokuwa nyingi na ndizo zinazoonesha vizuri zaidi namna heshima ilivyopatikana, ilivyothibitishwa na ilivyopotea. Ukoo wa Washington unafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, kwa muda wa takriban miaka 500 haukutoa mtu mashuhuri katika historia ya dunia. Pili, umaarufu wa kitukuu mmoja uliwafanya wataalamu warudi nyuma na kuzipekua kumbukumbu zake kwa makini ambayo koo za kiwango chake hazikuyapata.

Hapa yafaa kufafanua neno "uungwana". Nchini Uingereza, wenye vyeo vya kisheria vya ulodi walikuwa wachache, nao waliketi katika Baraza la Malodi. Chini yao lilikuwepo tabaka pana la wenye ardhi waliokuwa na haki ya kutumia nembo bila kuwa na cheo cha ulodi. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya watu wa daraja hilo wangehesabiwa kuwa makabaila wadogo. Akina Washington walikuwa wa tabaka hilo. Makala haya yanawaita waungwana, yakikumbuka kwamba katika Kiswahili neno hilo lina maana ya mtu mwenye asili na adabu, na pia mtu huru asiye mtumwa. Maana hiyo ya pili itarejewa katika sehemu ya 7.0.

2.0 Kanuni za Nembo

Nembo za ngao zilienea Ulaya katika karne ya 12. Maelezo ya kawaida ni kwamba mpiganaji aliyefunikwa uso kwa chepeo ya chuma hakuweza kutambulika, hivyo alama iliyochorwa kwenye ngao ilisema yeye ni nani. Alama hiyo hiyo ilichongwa kwenye mhuri wa kuthibitishia hati. Matumizi ya mhuri ndiyo yaliyoipa nembo uzito wa kisheria: aliyeghushi nembo ya mwenzake aliweza kughushi ahadi yake pia.

Kanuni kuu ni tatu. Kwanza, rangi zimegawanyika katika makundi mawili: metali, yaani dhahabu na fedha, ambazo huweza kuchorwa kwa manjano na nyeupe, na rangi zenyewe, yaani nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Lengo la kanuni hii ni alama ionekane kwa mbali.

Pili, nembo haitambuliwi kwa mchoro mmoja bali kwa tamko, yaani maelezo mafupi ya maneno yanayotaja kwanza rangi ya uwanja wa ngao, kisha alama zilizomo. Wachoraji wawili wanaweza kuchora ngao mbili zinazotofautiana kwa umbo na ufundi, na zote zikawa nembo ile ile iwapo zimelifuata tamko lile lile.

Tatu, katika desturi ya Uingereza nembo ni mali ya mtu na uzao wake halali kwa upande wa kiume. Si mali ya jina. Mtu mwenye jina la Washington hapati haki ya nembo ya Washington kwa sababu ya jina hilo. Ni lazima aoneshe nasaba. Ili kulinda kanuni hii, Chuo cha Nembo kilianzishwa London mwaka 1484, na kuanzia mwaka 1530 hadi mwishoni mwa karne ya 17 maofisa wake walizuru mikoa kukagua nembo na kuandika nasaba. Aliyetumia nembo bila haki aliweza kutangazwa hadharani kuwa si muungwana.

3.0 Historia ya Ukoo

3.1 Asili ya Durham

Jina Washington ni jina la mahali. Katika mkoa wa kihistoria wa Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kulikuwa na kijiji kilichoandikwa zamani Wessyngton. Mwaka 1183 Askofu wa Durham, Hugh du Puiset, aliagiza kuandikwa kwa orodha ya mali na wajibu wa wapangaji wake, orodha inayojulikana kama Kitabu cha Boldon. Humo ametajwa William wa Hertburn, aliyepewa Washington kwa kubadilishana na kijiji cha Hertburn. Wajibu wake ulikuwa kulipa pauni 4 kwa mwaka na kuhudhuria windo kuu la askofu akiwa na mbwa wanne wa mbio.

Maelezo hayo mafupi yanatupa picha ya daraja la ukoo tangu mwanzo. William hakuwa lodi mkubwa, bali mtu wa askofu, aliyeshika ardhi kwa masharti ya kodi na huduma. Kama ilivyokuwa desturi, aliliacha jina la kijiji alichokitoa na uzao wake ukaitwa kwa jina la kijiji alichokipata. Katika karne zilizofuata ukoo ulitoa watu wa heshima ya kimkoa. Mmoja wa wenye jina hilo, John Wessington, alikuwa mkuu wa watawa wa Kanisa Kuu la Durham kuanzia mwaka 1416 hadi 1446.

3.2 Kutoka Warton hadi Sulgrave

Matawi ya ukoo yalihamia magharibi. Mojawapo lilikaa Warton, mkoani Lancashire, ambako ngao yenye pau na nyota ilichongwa kwenye jiwe la mnara wa kanisa la kijiji. Huko ndiko alikotoka Lawrence Washington, aliyezaliwa karibu mwaka 1500 na kufariki mwaka 1584. Yeye ndiye mhimili wa historia ya ukoo.

Lawrence alihamia Northampton, katikati ya Uingereza, akafanya biashara ya sufu. Wakati huo sufu ilikuwa uti wa mgongo wa uchumi wa nchi, na mfanyabiashara mwenye akili aliweza kupanda haraka. Lawrence alichaguliwa kuwa meya wa mji mwaka 1532 na tena mwaka 1545. Kati ya vipindi hivyo viwili yalitokea mageuzi yaliyobadili umiliki wa ardhi nchini kote: Mfalme Henry VIII alizivunja nyumba za watawa na kutaifisha mali zao. Shamba la Sulgrave lilikuwa limemilikiwa kwa sehemu na watawa wa Mtakatifu Andrea wa Northampton. Mwaka 1539 Lawrence alilinunua kutoka kwa Ufalme kwa pauni 324, shilingi 14 na peni 10.

Tukio hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Nasaba ya Lawrence ilikuwa ya zamani, lakini ardhi yake ilikuwa mpya, na fedha iliyoinunua ilitoka sokoni. Alijenga nyumba ya mawe huko Sulgrave, na juu ya mlango wa baraza aliweka alama mbili: nembo ya kifalme ya Malkia Elizabeth I, kuonesha utii, na nembo ya ukoo wake, kuonesha haki. Kwa mtu aliyeuza sufu, ngao ile mlangoni ilikuwa hoja: ilimkumbusha mgeni kwamba mwenye nyumba hakuanza kuwa muungwana siku alipolipa bei ya shamba.

3.3 Anguko na kuhama

Hadhi hiyo haikudumu. Mtoto wa Lawrence, Robert, pamoja na mjukuu, ambaye naye aliitwa Lawrence, walishindwa kulimudu shamba na kuliuza mwanzoni mwa karne ya 17. Mjukuu huyo alifariki mwaka 1616 na kuzikwa katika kanisa la Great Brington, chini ya bamba la kaburi lililochongwa nembo ya ukoo ikiambatanishwa na ile ya mkewe. Shamba lilikuwa limekwenda, nembo ilibaki.

Mmoja wa watoto wake, Lawrence wa tatu, alisoma katika Chuo cha Brasenose, Oxford, akawa kasisi wa parokia ya Purleigh mkoani Essex. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles I na Bunge, makasisi walioshukiwa kumuunga mkono Mfalme waliandamwa. Mwaka 1643 kasisi Lawrence aliondolewa parokiani na wafuasi wa Bunge kwa tuhuma za ulevi. Alifariki katika ufukara mwaka 1653, na mkewe, Amphyllis, aliyebaki Tring, akafariki miaka miwili baadaye.

Mtoto wao mkubwa, John, hakuwa na cha kurithi isipokuwa jina. Aliingia katika biashara ya tumbaku iliyovuka bahari ya Atlantiki, na kati ya mwaka 1656 na 1657 alifika Virginia akiwa na chombo kiitwacho Sea Horse. Chombo hicho kilikwama mchangani katika mto Potomac. John alibaki huko, akamwoa Anne Pope, na baba mkwe wake akampatia ekari 700 za ardhi. Kutokana na ndoa hiyo alizaliwa Lawrence. Lawrence akamzaa Augustine. Na Augustine akamzaa George mwaka 1732. Hivyo George Washington alikuwa kitukuu cha mhamiaji.

4.0 Nembo ya Ukoo

4.1 Tamko

Tamko la nembo ya Washington linaweza kuandikwa hivi kwa Kiswahili: uwanja wa fedha, wenye pau mbili nyekundu zilizolala, na sehemu ya juu nyota tatu nyekundu. Maneno hayo yanatosha kumwezesha mchoraji yeyote kuichora nembo bila kosa. Aidha, yanaonesha namna kanuni ya rangi inavyozingatiwa: rangi moja, nyekundu, imewekwa juu ya metali moja, fedha. Hakuna mnyama, mti wala chombo. Urahisi wa namna hii ni dalili ya ukongwe, kwa kuwa nembo za awali zilikuwa chache vya kutosha kutofautishwa kwa mistari na maumbo mepesi. Nembo zilizobuniwa baadaye zililazimika kuongeza alama ili zisifanane na zilizotangulia.

Nyota zenyewe zinahitaji ufafanuzi. Katika nembo za Uingereza nyota ya pembe tano yenye pande zilizonyooka haikukusudiwa kuwa nyota ya mbinguni. Jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kijigurudumu chenye ncha, kile kilichofungwa kisiginoni mwa mpanda farasi ili kumhimiza mnyama. Ilikuwa alama ya shujaa wa farasi. Nyota ya mbinguni ilichorwa tofauti, kwa miali iliyopindapinda. Hata hivyo, macho ya watu wasio wataalamu huona nyota, na jambo hilo litakuwa na matokeo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0.

4.2 Ushahidi wa mawe na vioo

Nembo hii haijulikani kwa vitabu tu. Katika kanisa la abasia la Selby, mkoani Yorkshire, imo kwenye kioo cha rangi cha dirisha la juu, kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 14. Imo Warton kanisani, Sulgrave juu ya mlango, na Great Brington kaburini. Mwaka 1592 Robert Cooke, ofisa wa Chuo cha Nembo aliyekuwa na cheo cha Mfalme wa Nembo wa Clarenceux, aliithibitisha rasmi kwa akina Washington wa Sulgrave.

Tukiyapanga maeneo hayo kwenye ramani, tunapata njia iliyopitwa na ukoo: kutoka kaskazini-mashariki, kupitia kaskazini-magharibi, hadi katikati ya nchi. Hapa ndipo nembo inapokuwa na thamani kwa mwanahistoria. Pale ambapo hati zimepotea, jiwe lililochongwa linaweza kuonesha kwamba watu waliokaa mbali walijihesabu kuwa wa asili moja.

4.3 Pambo la chepeo na kaulimbiu

Juu ya ngao huchorwa chepeo, na juu ya chepeo pambo lake. Pambo la Washington lilikuwa ndege mweusi wa jamii ya kunguru, mwenye mabawa yaliyoinuliwa, akitokeza katika taji la dhahabu. Katika matumizi ya Virginia ndege huyo alibadilika kuwa kiumbe wa hadithi mwenye kichwa na mabawa ya tai. Badiliko hilo linatufundisha kwamba pambo lilikuwa sehemu nyepesi ya nembo. Ngao ilidumu bila kuguswa kwa karne nyingi, ilhali pambo liliweza kupotoka mkononi mwa mchongaji mmoja na kosa likarithiwa.

Kaulimbiu iliyotumiwa na George Washington ni ya Kilatini, nayo maana yake ni kwamba matokeo huthibitisha matendo. Ilichapwa chini ya nembo kwenye vibandiko alivyoagiza kutoka London mwanzoni mwa miaka ya 1770 ili vigundishwe ndani ya vitabu vyake.

5.0 Tatizo la Ushahidi: Je, Virginia na Sulgrave ni Ukoo Mmoja?

Kwa kuwa nembo ni mali ya uzao na si ya jina, swali la kisheria lilikuwa hili: George Washington alikuwa na haki ya nembo aliyoitumia? Jibu lilichukua takriban miaka 100 kupatikana.

Mwaka 1791 Sir Isaac Heard, Mfalme wa Nembo wa Garter na mkuu wa wataalamu wa nembo wa Uingereza, alimwandikia Rais Washington barua akimwomba maelezo ya nasaba yake. Washington alijibu tarehe 2 Mei 1792. Alikiri kuwa jambo hilo hakulishughulikia sana; hata hivyo, aliwauliza jamaa zake, akaandaa orodha ya uzao wa John kadiri alivyoweza, na akasema kwamba wahamiaji wawili, John na nduguye Lawrence, walitoka kaskazini mwa Uingereza karibu mwaka 1657.

Maelezo hayo yana kosa lenye manufaa. John hakutoka kaskazini, alikulia kusini-mashariki. Kaskazini ndiko ukoo ulikoanzia, vizazi vingi kabla yake. Inaelekea kwamba kumbukumbu ya familia ilihifadhi chimbuko na kusahau vituo vya katikati. Watafiti wa masimulizi ya nasaba katika jamii nyingi wanaifahamu hali hii: jina la mwanzilishi na majina ya walio karibu hubaki, yaliyo katikati hufifia.

Heard alizitazama kumbukumbu za Sulgrave, akaona ndugu wawili walioitwa John na Lawrence, akahitimisha kwamba hao ndio waliohamia Virginia. Hoja yake ilisimama juu ya ulingano wa majina, na ilikubaliwa kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1866 Joseph Lemuel Chester, Mmarekani aliyeishi London, aliivunja. Alionesha kwamba yule John wa Heard alikuwa ametunukiwa cheo cha "Sir", ambacho mhamiaji wa Virginia hakuwa nacho, na kwamba yule Lawrence alikuwa kasisi, yule yule wa Purleigh, ambaye hakuhama. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, rais wa kwanza wa Marekani hakuwa na babu aliyethibitishwa ng'ambo ya bahari.

Aliyefumbua fumbo ni Henry F. Waters, mtafiti wa nasaba kutoka Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1889. Badala ya kuanzia kwenye nembo au kwenye majina, alianzia kwenye hati za mirathi. Alikuta kwamba baada ya Amphyllis kufariki huko Tring, usimamizi wa mali yake ulikabidhiwa kwa mtoto wake John. Akaunganisha taarifa hiyo na wosia wa jamaa zao na kumbukumbu za Virginia. Ikadhihirika kwamba Heard alikosea kwa kizazi kimoja tu: wahamiaji hawakuwa Sir John na kasisi Lawrence, bali watoto wa kasisi Lawrence mwenyewe.

Hivyo haki ya nembo ilithibitika. Lakini funzo la mbinu ni kubwa kuliko haki hiyo. Heard, mlinzi mkuu wa nembo, alikuwa na jibu lililokaribia ukweli bila kuwa na ushahidi wake. Chester alikuwa na ushahidi uliobomoa bila jibu mbadala. Na Waters alipata vyote viwili alipoziacha ngao za waungwana na kusoma karatasi za mahakama za watu waliofilisika.

6.0 Nembo Ndani ya Jamhuri

Katiba ya Marekani, katika Ibara ya kwanza, kifungu cha 9, inakataza nchi hiyo kutoa vyeo vya kikabaila. Je, mtu aliyeongoza vita dhidi ya mfalme na kusimamia mkutano ulioandika katiba hiyo angewezaje kuendelea kugonga mhuri wenye nembo ya babu zake?

Washington alilifikiria swali hilo. Mwaka 1788 William Barton, aliyekuwa amesaidia kubuni Muhuri Mkuu wa Marekani, alitaka kumtunukia kitabu alichokiandika kuhusu nembo. Katika barua yake ya Septemba mwaka huo Washington alimjibu kwamba haoni nembo kuwa adui wa jamhuri, lakini watu wengi wakati huo walishuku kila kitu kilichonusa ukabaila, hivyo haikuwa busara kukichapisha. Jibu hilo linatenganisha mambo mawili: nembo kama alama ya utambulisho, aliyoikubali, na nembo kama dai la kuwa juu ya wengine, ambalo alijua lingeumiza taifa changa.

Kutokana na umaarufu wake lilizuka dai kwamba bendera ya Marekani, yenye nyota na milia, ilitokana na nembo ya Washington. Dai hili linavutia, kwa kuwa mwonekano unalishawishi jicho. Hata hivyo, ushahidi wa wakati husika haupo. Azimio la bendera la tarehe 14 Juni 1777 halikuitaja familia yoyote. Milia ilikuwa tayari imetumika katika bendera za upinzani kabla ya hapo, nayo hesabu ya 13 ilisimamia makoloni. Francis Hopkinson, aliyedai malipo mwaka 1780 kwa kubuni bendera, hakuitaja nembo hiyo. Dai lilienezwa sana baada ya mwaka 1876, pale mwandishi wa Uingereza Martin Tupper alipoliweka katika tamthilia yake kuhusu Washington. Kufanana si uzao, katika nembo kama ilivyo kwa watu.

Matumizi yaliyothibitika ni mengine. Mwaka 1932, katika maadhimisho ya miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Washington, Marekani ilifufua nishani ya zambarau kwa wanajeshi waliojeruhiwa au kuuawa vitani, na ngao ya Washington ikawekwa juu yake. Mwaka 1938 jiji kuu, Washington, lilipitisha bendera yake: uwanja mweupe, pau mbili nyekundu na nyota tatu nyekundu. Ni tamko lile lile, likihamishwa kutoka kwenye ngao hadi kwenye kitambaa. Nyumba ya Sulgrave nayo ilinunuliwa kwa michango mwaka 1914 kuadhimisha miaka 100 ya amani kati ya Uingereza na Marekani, na tangu mwaka 1921 imefunguliwa kwa wageni.

7.0 Waliokuwa Nje ya Ngao

Uchambuzi wa nembo hii hauwezi kukamilika bila kuuliza nani alibeba gharama ya uungwana uliowakilishwa nayo. Huko Sulgrave ilikuwa sufu. Huko Virginia ilikuwa tumbaku na ngano, na kazi ilifanywa na watumwa wenye asili ya Afrika. George alipofiwa na baba yake mwaka 1743, akiwa na umri wa miaka 11, alirithi watumwa 10. Alipofariki mwaka 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317, na 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe. Katika wosia aliagiza hao wake waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Wengi wa waliosalia walikuwa mali ya urithi wa familia ya mume wa kwanza wa mkewe, na hakuwa na mamlaka ya kuwaachia.

Hapa maana mbili za neno "muungwana" zinakutana. Ngao ilisema kwamba mwenyewe ana asili inayojulikana: babu ametajwa, kaburi lake lipo, jiwe limechongwa. Mtumwa alinyimwa mambo hayo hayo. Mwanasheria wa nembo alihitaji vizazi vitano vya majina ili kumthibitisha mtu mmoja. Daftari la shamba lilimwandika mtumwa kwa jina moja, umri na kazi. Elimu ya nembo ni elimu ya kumbukumbu, na kumbukumbu hazikugawanywa sawa.

Historia ililigeuza jambo hilo kwa namna ambayo Chuo cha Nembo kisingeitarajia. George Washington hakupata mtoto. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, watu wengi walioachwa huru walijiandikisha kwa jina la Washington. Miongoni mwao ni mwalimu Booker T. Washington, aliyejitwalia jina hilo alipoanza shule. Kwa mujibu wa sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban watu 90 katika kila 100 wenye jina hilo la ukoo walikuwa Wamarekani Weusi. Jina la kijiji cha askofu wa Durham leo linabebwa zaidi na wazao wa wale ambao ngao haikuwahesabu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia ukoo mmoja kutoka windo la askofu mwaka 1183 hadi bendera ya jiji mwaka 1938. Yameonesha kwamba nembo yake ilidumu kwa sababu ilikuwa nyepesi, ilitamkika kwa maneno machache, na ilichongwa mahali pasipooza upesi. Yameonesha pia kwamba nembo peke yake haikuthibitisha nasaba: Heard aliyeitegemea pamoja na majina alikosea, na Waters aliyefuata karatasi za mirathi alipatia. Mwisho, yameonesha kwamba alama ile ile inaweza kuwa hoja ya mfanyabiashara wa sufu anayetaka heshima, faraja ya kasisi aliyefukuzwa, mhuri wa rais, na nishani ya askari aliyejeruhiwa.

Wanafunzi wa historia wanaosoma nembo, za Ulaya au za mataifa yetu, wanashauriwa waulize maswali mawili kwa pamoja: alama hii inamtaja nani, na inamnyamazia nani? Kuhusu ukoo wa Washington, swali la kwanza lilijibiwa mwaka 1889. La pili bado lina kazi, nayo imo katika madaftari ya mashamba, penye majina ya watu yasiyo na ngao juu yake.